Tai ya Harusi Karakanani

Jumatatu, 2 Februari 2026

Habari kubwa! Madam Wagaki, mwalimu mkuu wetu, ametangaza kwamba karakana ya useremala itapata Msimamizi wa Usalama. Madam atatutazama tukifundisha wiki nzima, kisha aamue Ijumaa. Msimamizi atavaa koti la manjano na kukaa na ufunguo wa mashine. Ufunguo! Nafundisha hapa shule ya Gatina, Kawangware, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na ufunguo pekee niliowahi kukabidhiwa ni wa choo cha walimu.

Tuko wawili tu. Mimi na Mwalimu Kathini. Kathini ana miaka ishirini na tisa na cheti cha usalama chenye muhuri. Mimi nina uzoefu. Uzoefu haupigwi muhuri, ndiyo shida.

Jioni, nikiwa naingia kwangu Kibera, wazo likanijia. Mwalimu Ndululu! Ndiye aliyenifundisha kushika randa mwaka wa tisini na nne, katika karakana ya mabati iliyokuwa inavuja kila mahali ila juu ya meza yake. Kabla ya somo alisimama mlangoni, nasi tukapita mmoja mmoja, mikono juu, akituhesabu vidole. Kumi. Kumi. Kumi. Baada ya somo, vivyo hivyo. Hata leo nikinusa mbao mbichi natamani kuinua mikono.

Nitamleta Ijumaa. Aje aseme mbele ya watu mimi nilifundishwa na nani. Kathini kwisha!

Jumanne, 3 Februari

Nimempata. Anaishi na bintiye mtaa wa Kongo, hapa hapa Kawangware. Ana miaka themanini na moja. Nilisimama mlangoni nimebana kofia kwapani kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikamwambia mimi ni Faisal. Hakunikumbuka. Nikamtajia mwaka, darasa, hata kigoda changu kilichokataa kusimama. Wapi!

"Hebu lete mikono," akasema.

Nikaileta. Akavishika vidole kimoja kimoja, polepole, maana macho yake yamechoka. Nikajikuta nimesimama wima. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita!

"Kumi," akasema. "Basi si wewe. Faisal ninayemkumbuka mimi hangefika leo na vidole vyote."

Nilitaka kukasirika. Badala yake nikamwambia kwamba mke wangu Fatna atampikia gurusa. Akauliza kama ni gurusa za Kinubi kweli, zile chapati nyembamba. Nikasema ndiyo. Akasema kwa gurusa atakuja kumtetea mtu yeyote, hata asiyemjua.

Jumatano, 4 Februari

Mpango wa pili, maana mpango mmoja ni kama kigoda cha mguu mmoja. Baada ya shule nimechukua sanduku la miwani ya kukinga macho na kulificha stoo, juu kabisa ya rundo la mbao. Kesho Kathini ana somo la mashine ya kukereza. Ataanza bila miwani, Madam Wagaki atapita, atamwona. Mimi sitasema neno. Nitatikisa kichwa tu, kwa huzuni.

Fatna ameniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nimemwambia ni kumbukumbu za shule. Akasema, "Baba Hayat, ukicheka hivyo huwa tunalipa kitu."

Alhamisi, 5 Februari

Mwanamke huyu! Alipokosa miwani alikataa kabisa kuwasha mashine. Akaniuliza kama nimeiona. Nikasema sijaiona. (Mungu anisamehe.) Akawatoa wanafunzi wote nje na meza moja ya kazi, akawafundisha kushika patasi: mikono yote miwili nyuma ya makali, ubao umebanwa kwenye jiliwa la meza, usikate kamwe ukielekea mwili wako. Kila mwanafunzi akarudia mpaka akapata. Madam Wagaki alipita, akasimama, akaomba kiti. Alikaa mpaka kengele ikalia! Hata mimi, nikichungulia dirishani, nilijikuta nimejifunza kitu kuhusu patasi.

Mchana nikaenda stoo kurudisha sanduku kimya kimya. Nikavuta. Rundo likayumba. Mbao tatu zikapita kando ya sikio langu, na sanduku likatua kichwani pangu. Mlangoni amesimama Nabwire wa kidato cha tatu, mdomo wazi.

"Mwalimu, kumbe umeipata miwani!"

Nikasema ndiyo, nimeitafuta siku nzima. Kathini akaja mbio, akanibandikia barafu kwenye nundu, akanishukuru mbele ya wanafunzi. Nikapokea shukrani. Nundu inauma. Kitu kingine pia kinauma kidogo, lakini kesho ni kesho.

Ijumaa, 6 Februari



Nilivaa suti. Nilivaa tai yangu ya harusi, ile nyekundu ya hariri, kwa heshima ya Mwalimu. Mlangoni Kathini aliniambia kwa upole niivue, au walau niichomeke ndani ya aproni. Nikamwambia nilikuwa nakereza miguu ya meza yeye akiwa chekechea. Mwalimu Ndululu alikuwa ameketi mbele, gurusa mapajani, Madam Wagaki kando yake. Nikawasha mashine. Nikainama ili wote waone uhodari wangu.

Tai ikaenda.

Sikuiona ikienda. Niliona tu ule mti unaozunguka ukinijia usoni. Nikashika ukingo wa mashine, nikavuta shingo, sauti haikutoka. Nilimfikiria Hayat, binti yangu. Kisha kimya. Kathini alikuwa ameruka meza na kupiga swichi nyekundu. Pua yangu ilikuwa imebakisha upana wa kidole kimoja kufika kwenye mti.

Katika kimya kile Mwalimu Ndululu akainuka, akapapasa meza, akachukua patasi, akaikata tai karibu na fundo. Akanishika uso kwa mikono miwili.

"Ni yeye!" akapaza sauti. "Sasa nimemkumbuka! Faisal! Huyu ndiye aliyeingiza mkono wa sweta kwenye mashine ya kutoboa!"

Darasa zima likacheka. Madam Wagaki hakucheka. Ufunguo ulikabidhiwa hapo hapo, na si kwangu.

Nilimsindikiza Mwalimu hadi Kongo kwa miguu. Tulitembea polepole, yeye ameshika kiwiko changu. Tulipopita kwa mafundi wa vitanda alisimama kunusa maranda. Ndipo akaniambia kuhusu Duncan, aliyesoma kwake miaka mingi kabla yetu. Mwalimu alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu tu. Aliposimama, kidole cha Duncan kilikuwa kwenye maranda. Mwalimu mwenyewe alimpeleka kwao, na yeye mwenyewe akamweleza mama wa kijana.

"Tangu hapo sikuyaamini macho yangu," akasema. "Nikaanza kuhesabu."

Nikamwambia sisi tulidhani ni ukali tu.

"Ukali? Nilikuwa naogopa, kijana. Wewe hasa uliniogopesha. Kila ulipotoka na kumi zako nilikuwa nashukuru Mungu."

Nilikumbuka ule mstari mlangoni, mikono yetu midogo imejaa vumbi, na jinsi tulivyokuwa tukimwiga tukishafika kona.

Jumatatu, 9 Februari

Nimetafakari tangu Ijumaa. Nimemwomba Kathini msamaha, na kuhusu miwani nimemweleza ukweli wote. Amesema alijua tangu Alhamisi. Koti la manjano linamkaa vizuri. Nimeapa mbele ya Fatna: mipango basi. Maisha yangu na ya watoto wa watu si mchezo.

Niliapa saa moja asubuhi. Saa nne Madam Wagaki akatangaza kwamba shule sasa inahitaji Msimamizi wa Moto. Koti jekundu! Filimbi!

Mtu hawezi kuonyesha uhodari wa kuzima moto bila moto. Hilo hata Kathini na cheti chake hawezi kupinga. Nimekusanya maranda makavu, gunia moja, nyuma ya stoo. Kesho saa ya chai, Madam akiwa anapita. Moto mdogo tu. Nimetafuta ndoo ya mchanga sijaiona, lakini hiyo ni kazi ya dakika mbili nikishawasha.