Nafasi ya Nane Kwenye Noah

Jumapili, 8 Juni 2025

Jana Idi. Pilau, nyama, na kosa dogo.

Mwalimu Davis, jirani yetu, aliyeletwa Nachingwea na barua ya uhamisho kutoka Arusha na mpaka leo anailaumu barua hiyo, alikuwa anatuonyesha picha za simba kwenye simu yake. Kwa kila simba lazima aeleze yeye alikuwa umbali wa hatua ngapi. Binti yangu Shadya, darasa la tano, akauliza sisi tutaona tembo lini. Mdomo wangu ulikuwa umejaa pilau. Ukajibu bila kunishirikisha: Jumamosi ijayo! Ruaha kwenye ukame, Udzungwa kwenye milima. Jangwa na mlima katika likizo moja! Na tembo wa kwanza nitamwonyesha mimi, kwa kidole changu hiki.

Shadya aliniamini. Ndiyo shida ya mtoto huyu.

Davis akasema Ruaha si jangwa, ni pakavu tu. Kama ni mchanga basi twende Ngorongoro, kuna rundo la mchanga linalohama kwa upepo. Nikamwambia kwa mtu aliyezoea matope ya Nachingwea, pakavu panatosha.

Leo nimepanga siku nzima. Atlasi ya shule, penseli, kurasa kumi na moja za ratiba. Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa. Kila ukurasa nimeupiga picha mara nne kwa simu, endapo karatasi zitalowa. Fundi redio hakosi akiba.

Kimebaki kitu kimoja tu. Gari.

Jumatatu, 9 Juni

Ruangwa. Shemeji yangu Mikidadi, kaka wa mke wangu Mwanasha, ana Noah ya watu wanane. Nilitaka Noah. Sikutaka Mikidadi. Anaendesha huku anasimulia jeshi.

Nikamweleza kitaalamu kwamba gari linalozunguka Ruangwa tu injini yake inalala, linahitaji barabara ndefu, na kwa kuwa sisi ni ndugu niko tayari kulinyoosha kwa wiki moja. Akanikumbusha kwamba mimi ni fundi redio. Nikasema injini na redio zote zinanguruma. Akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

Halafu akauliza nani wanakwenda. Nikataja watoto. Kosa! Kwetu huku mtoto ni wa mjomba. Baba ni mtu anayeishi na mama yao. Akanitazama kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Eti watoto wa dada yake wanapelekwa kwenye simba na mjomba anasikia kwa sababu tu gari ni lake? Je, lingekuwa la mtu mwingine?

Amekubali. Ila anaendesha yeye.

Nafasi zilizobaki: saba. Bado nyingi. Lakini siendi Iringa na mtu huyu. Nina njia.

Jumanne, 10 Juni

Njia yenyewe: mikorosho. Mikorosho ya ukoo wao iko Lionja kwa mama mkwe, Bi. Saada, na kila Juni Mikidadi ndiye anayebeba mashine mgongoni kupuliza salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ukungu usikaushe maua. Mama akimwita mwanawe shambani, Noah inabaki na mimi.

Bodaboda hadi Lionja. Nikaongea kama bwana shamba. Nikamwambia mama mkwe salfa haingoji hata siku moja. Nikamwambia habari ya mtu wa Chunyu aliyechelewa siku mbili akavuna majani. (Mtu huyo hayupo. Lakini angekuwepo, angevuna majani.) Nikaeleza namna ya kushika bomba, kupuliza alfajiri umande ungali juu ya majani, kusimama upande unakotoka upepo. Bi. Saada akatikisa kichwa kwa heshima. Alisema hakujua kama mkwe wake anazijua korosho kiasi hicho.

Kisha akauliza, taratibu, kwa nini leo. Kwani Mikidadi anakwenda wapi?

Mama mkwe huyu angekuwa hakimu mzuri.

Nikasema yote. Akahuzunika kwanza kwamba tunasafiri bila kuja kuaga. Kisha akashangaa. Tembo? Tembo si ndiye aliyemaliza mihogo yake mwaka jana, hapo nyuma ya jiko? Yaani tunatoka Nachingwea mpaka Iringa kumsalimia mwizi?

Akafikiri kidogo. Akasema basi na yeye anakwenda. Yule alikuja kwake bila kualikwa; na yeye akamwone kwake.

Nafasi zilizobaki: sita.

Jumatano, 11 Juni

Nimempigia mama mkwe kumwonea huruma. Nikataja kona za milimani. Nikataja baridi ya Njombe, watu wanalala na makoti. Nikataja kichefuchefu. Akashukuru sana kwa kumwambia mapema. Atabeba mablanketi mawili na mjukuu wake Raudha, wa kumshika kwenye kona.

Tano. Mimi, Mwanasha, Shadya na mdogo wake Rahimu ni wanne. Inabaki moja. Hiyo nitaweka miguu.

Alhamisi, 12 Juni

Miguu haina bahati. Mikidadi amekuja Nachingwea, akakutana na Davis mlangoni kwangu, wakaongea dakika kumi, na Davis sasa ni msafiri. Eti ana kamera, na anajua kusoma ramani. Nina atlasi! Nina kurasa kumi na moja! Davis akaomba azione. Alisoma zote akiwa amesimama. Alisema kazi nzuri, ila kwa mujibu wa ukurasa wa sita tutalala Songea kabla hatujafika Tunduru.

Nimesahihisha. Nimepiga picha upya.

Mwanasha anasema gari limejaa kwa sababu ya ujanja wangu; ningewaalika tu tangu mwanzo wangekataa wote. Mwanamke mzuri, lakini hana mbinu.

Ijumaa, 13 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa utaratibu.

Baada ya sala ya Ijumaa tulikwenda Lionja kuaga, wote. Dua ikasomwa. Nilikuwa nimeshavaa kofia ya safari. Bi. Saada akauliza jambo moja tu: nani atapuliza salfa?

Mikidadi akasema itangoja wakirudi. Mama akamwuliza kama hajasikia habari ya yule mtu wa Chunyu.

Nikasema kwa kweli mtu wa Chunyu alikuwa na uzembe mwingine pia. Mama akasema hapana, alinisikia vizuri, siku mbili tu. Na akawaeleza wote namna ya kushika bomba, umande, upepo, neno kwa neno. Sijawahi kuwa na mwanafunzi makini kama huyu.

Haraka nikampendekeza Bakary, binamu yao wa shamba la jirani. Nilikwishampa redio asubuhi kwa tahadhari, endapo atahitajika shambani. Ukoo mzima ukacheka. Mwaka juzi Bakary alipuliza wiki nzima na mashine haina salfa ndani. Alipuliza upepo! Na mimi nimeshatoa redio.

Macho yote yakanigeukia. Mikidadi akasema kwa upole, kwa utani wa kishemeji unaouma kuliko matusi, kwamba ukoo una bahati kuoza binti kwa bwana shamba.

Mkwe hamkatalii mama mkwe mbele ya watu. Hata kofia niliivua.

Shadya hakulia. Aliuliza tu nani sasa atamwonyesha tembo wa kwanza. Ingekuwa afadhali alie.

Jumamosi, 14 Juni

Wameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Walikuwa saba. Nilichungulia dirishani kuangalia kama nafasi ya nane itaachwa wazi, japo kwa heshima. Haikuachwa. Haifai kwenda ugenini mikono mitupu, na Mikidadi ana rafiki wa jeshini pale Iringa. Kwenye nafasi yangu wamekaa gunia la unga wa muhogo na jogoo. Jogoo alikuwa dirishani.

Nimempa Mwanasha ratiba. Davis aliipokea kwa niaba yake, akaikalia.

Sijashindwa! Mikorosho ni sitini na nne. Kwa kawaida ni siku tano. Mimi nitamaliza siku mbili, nipande basi, niwapate getini Ruaha. Nitatokea tu mbele ya Noah, nimesimama, nanyoosha kidole.

Jumapili, 15 Juni

Siku mbili haziwezekani kwa alfajiri peke yake. Nikapuliza mchana pia. Mchana kuna upepo. Mkorosho mmoja ulipata salfa. Iliyobaki niliipata mimi. Nimekuwa wa njano kuanzia nyusi. Nimekohoa mpaka kuku wa mama mkwe wakahama. Bakary alipita na redio yangu begani, sauti juu, akauliza kama hivyo ndivyo bomba linavyoshikwa.

Miti: tisa.

Jumatatu, 16 Juni

Mashine imezima. Nimeifungua, nimeifunga. Imebaki skrubu moja, lakini sasa inanguruma vizuri zaidi, kama redio iliyokosa stesheni.

Shadya amenitumia sauti kwa simu. Wako Ruaha. Ameona twiga, pundamilia, na mkia wa simba. Davis amepiga mkia picha thelathini. Tembo hakuna. Bibi alimwuliza askari wa hifadhi tembo wako wapi, akaambiwa wamesogea mtoni. Bibi akamwambia awape salamu, wa Lionja amefika. Mwisho wa sauti Shadya akasema, chini chini, kwamba mjomba na mwalimu wananyoosha vidole kila mahali na hakuna kitu.

Nimesikiliza mara sita. Basi la Iringa linapita Masasi kesho kutwa. Miti: kumi na tisa. Naweza!

Jumanne, 17 Juni

Siwezi. Macho yamevimba. Ishirini na nane.

Wameondoka Ruaha bila tembo. Wanaelekea Udzungwa kuona maporomoko. Jogoo yupo hai; Raudha amekataa atolewe.

Jumatano, 18 Juni

Leo kuna jambo. Si salfa.

Alfajiri, umande, kila kitu kama nilivyofundisha. Nikazima mashine niongeze unga. Mashine imezima, lakini kitu kinaendelea kunguruma. Nikageuka. Nyuma ya jiko, kwenye mihogo, ukuta. Ukuta ukapiga sikio.

Tembo!

Sikumbuki kupanda mkorosho. Nakumbuka kuwa juu. Yeye chini, hatua ishirini (Davis na ajue, hatua ishirini!), anang'oa muhogo, anaukung'uta udongo kwenye goti kama mtu mstaarabu, anakula. Nikatoa simu nipige picha. Simu ikasema haina nafasi. Imejaa! Ratiba yangu, kurasa kumi na moja mara nne, na masahihisho. Nikaanza kufuta. Nimefuta Masasi, nimefuta Tunduru. Nilipofika Songea yeye alishamaliza mstari wa tatu.

Ndipo nikaona kwamba juu ya mkorosho mtandao uko kamili. Nikaacha kufuta. Nikapiga. Akapokea Shadya.

Nikamwambia asiseme kitu, asikilize. Nikanyoosha simu mbali na tawi, mkono wote, kidole mbele. Muhogo ukakatika. Masikio yakapiga. Kisha akatoa sauti moja, ya chini, tawi likatetemeka, na mimi nikatetemeka nalo.

Shadya akauliza kwa kunong'ona kama tembo yuko karibu. Nikasema namnyooshea kidole sasa hivi.

Nyuma yake nikamsikia Mikidadi akisema hiyo ni mashine ya salfa. Davis akasema ni upepo kwenye simu. Shadya akawaambia wanyamaze, tembo wa baba anakula.

Tembo aliondoka jua lilipopanda. Picha niliipata moja, mwishoni.

Jumapili, 22 Juni

Wamerudi. Davis ameitazama picha yangu kwa makini, akaikuza, akasema ni kichuguu. Nikamwambia kichuguu hakina mkia. Akasema ni kichuguu chenye mzizi.

Bi. Saada hakutazama picha. Alikwenda nyuma ya jiko, akaona mihogo, akaona nyayo, akarudi akakaa. Akasema mambo mawili. Kwanza, yeye amekwenda mpaka Iringa kumtafuta mtu huyu, kumbe wamepishana njiani. Pili, nani alizunguka Lionja nzima akitangaza kwamba mwenye mihogo anasafiri?

Pia amehesabu miti. Hamsini na saba. Saba iliyobaki nimeambiwa nimalizie kesho, pamoja na kupanda mihogo.

Shadya amechora tembo kwenye daftari lake la likizo. Yuko chini ya mkorosho. Juu ya mkorosho kuna mtu wa njano. Mwalimu wake atauliza.

Jumanne, 24 Juni

Nimelala vizuri. Nimefikiri. Kosa lilikuwa moja tu, na si la mipango. Gari lilikuwa dogo.

Desemba: Ngorongoro na Serengeti! Jangwa halisi, lile rundo la mchanga linalohama, na mlima wenye moto ndani. Shadya nimeshamwahidi simba mzima, si mkia. Kurasa ishirini na mbili tayari, na simu nimeisafisha, nimezipiga picha zote.

Safari hii simwambii mtu yeyote. Nimemwambia Hemedy tu, kwa sababu ana Coaster.

Hemedy ni mtu mwema, ila ana mikorosho mingi pale Likunja na anapenda kuongozana na watu. Hivyo nimemzibia njia mapema. Nimekaa naye saa nzima kumweleza kwamba korosho za Desemba haziachwi chini hata siku moja, zinapigwa na mvua, zinaharibika. Nikamtolea mfano wa mtu wa Chunyu. Nikamwonyesha na namna sahihi ya kuokota, mgongo ukiwa umenyooka.

Alinisikiliza kwa heshima kubwa. Alisema hakujua kama nazijua korosho kiasi hicho.

Mambo yanakwenda vizuri.