Kuhusu Kitabu Chenu Kilichomtoa Mwanangu Nyumbani

Kwa Ndugu Mhariri wa Vitabu vya Watoto,

Kwanza naomba radhi kwa kuchelewa kuandika. Ilinipasa niwaandikie tangu shule zilipofungwa, na si kwamba sikujaribu. Barua ya kwanza niliifikisha nusu, mwanangu wa mwisho akaitafuna kuanzia kwenye tarehe. Ya pili ilikuwa nzuri zaidi, yenye maneno makali ambayo siwezi tena kuyakumbuka, ila nilikosa karatasi ya kukatia kola, nikaikata hiyo. Kwa hiyo kuna mashati manne ya watu yaliyotoka kwa kipimo cha hasira zangu. Hii ni ya tatu. Naiandika juu ya meza ya cherehani, mtoto akiwa mgongoni, na mkiona mstari umepanda mlima jueni amepiga teke.

Mimi ni fundi wa kushona nguo, mama wa watoto sita, wawili wao pacha, na shule niliishia darasa la saba. Hilo la mwisho nalisema mapema ili msihangaike kulitafuta kwenye mwandiko wangu.

Nakilalamikia kile kitabu chenu chenye jalada la kijani, cha msichana wa familia kubwa anayekwenda shule ya bweni. Binti yangu, ambaye ndiye kifungua mimba, alizawadiwa na mwalimu wake kwa kushika nafasi ya pili. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili na akili timamu. Amekisoma mara kumi na moja. Sasa amefaulu mtihani, shule ya bweni imemwita, wenzake wanaondoka Jumatatu, na fomu ya mzazi kutia sahihi inatakiwa Ijumaa. Leo ni Jumatano. Kabla kitabu chenu hakijaingia humu ndani, mtoto huyu hakujua kama mtu anaweza kuondoka nyumbani kwao bila kuolewa wala kufukuzwa.

Malalamiko yangu ni haya.

La kwanza ni hesabu. Mwandishi wenu anasema nyumba ile ina watoto tisa. Nimewatafuta. Wenye majina ni wawili, msichana mwenyewe na paka. Wanane waliobaki wanaitwa "wadogo zake", na wametajwa mara mbili tu: ukurasa wa tatu wanacheka, ukurasa wa kumi na mbili wanalia. Katikati hapo hawali, hawaendi haja, na hakuna aliyemng'ata mwenzake. Watoto wanane, Ndugu Mhariri. Mimi hawa wangu wakinyamaza kwa muda wa ukurasa mmoja, naacha nguo kwenye mashine nakimbia kwenda kuona wamevunja nini. Halafu siku ya safari mama yao anasimama getini, anapunga leso mpaka gari linapotelea kwenye kona. Mikono mitupu kabisa. Naomba mwandishi aulizwe kwa upole: mtoto mchanga alikuwa ameshikwa na nani, ikiwa anayemshika siku zote ndiye aliyepanda gari?

La pili ni sare. Ukurasa wa tisa mama huyohuyo anamshonea binti sare zote jioni moja, kwa sindano ya mkono, huku akiimba. Sketi yenyewe mchoraji ameichora, ina marinda, nimeyahesabu, ni ishirini na mawili. Sketi ya marinda ishirini na mawili, kwa fundi mwenye cherehani nzima iliyotiwa mafuta, ni kazi ya kutwa, na pasi hujaigusa. Kwa mkono, katikati ya watoto tisa, labda aliianza akiwa na mimba ya huyo msichana. Kuimba ndiyo kabisa, maana mdomo wa anayeshona umejaa pini. Binti yangu analijua hilo kuliko mwandishi wenu, kwa kuwa ndiye anayenishikia kitambaa na kunitungia uzi. Lakini nilipomweleza kwamba kwangu mimi kazi ile ingechukua siku tatu, aliniangalia kidogo, kisha akaangalia pembeni. Mzazi akishalinganishwa na wa kwenye karatasi, hana lake.

La tatu ni neno. Mmeandika hivi: "Aliwaaga wote, mmoja mmoja." Ni Kiswahili safi, sikatai. Lakini mwanangu wa tatu, ambaye tunamwita Mzee kwa sababu alizaliwa amekunja uso, ana miaka saba, na neno hilo analijua kwa matangazo ya redio tu, ambako watu huaga dunia na hawarudi kusema walikosea. Dada yake alipowasomea sentensi hiyo, akaongeza kwamba na yeye ataaga Jumatatu, Mzee aliinuka. Alivaa viatu, akaenda nyumba ya pili kwa jirani yetu msusi, akamwambia kwa utulivu, "Dada yetu anaaga Jumatatu. Sisi tumeshajulishwa." Msusi alifika kwangu na chanuo mkononi, nyuma yake wateja wawili waliosukwa upande mmoja. "Mama Pacha, daktari amesemaje?" Ikabidi tumwite marehemu. Alikuwa chumbani anahesabu soksi. Msusi alikaa chini kwenye vipande vya vitambaa akacheka mpaka akawasahau wateja, na mmoja wao alirudi kazini hivyohivyo na nusu ya kichwa. Mimi sikucheka sana. Mzee alikuwa bado amesimama mlangoni, mikono nyuma, anangoja watu waanze kulia.

La nne, bweni lenyewe limehamia kwangu. Kwenye kitabu chenu kuna matroni anayepiga kengele. Sisi hatuna kengele, tuna sufuria na mwiko. Kila asubuhi wadogo wanapangwa mstari ukumbini kwa urefu, pacha wanagombana maana urefu wao ni mmoja, kucha zinakaguliwa, majina yanaitwa. Anayeitwa anajibu "Nipo". Hata mwanangu wa pili, tunayemwita Wakili kwa kuwa hajawahi kutii jambo kabla ya kupewa sababu mbili, naye anajibu "Nipo". Mume wangu ni fundi bomba, hurudi na matope mpaka magotini. Juzi alikuta karatasi mlangoni: "Baba amechelewa mara tatu. Alete maelezo." Nilitegemea angemkemea mtoto. Akaomba kalamu. Akaandika kwamba bomba la hospitali lilipasuka, akaapa halitapasuka tena, na kwa uaminifu wake akakiri kwamba amechelewa mara nne, moja ilisahauliwa. Watu wazima wa namna hiyo ndio ninaowategemea humu ndani.

Mimi nilipotaka kutoka kwenda kununua vifungo, niliambiwa nionyeshe cheti cha ruhusa. Kwenye nyumba yangu mwenyewe. Nilipewa dakika arobaini. Nilirudi kwa thelathini na tano, nikasifiwa mbele ya wenzangu, na niwafiche nini, nilifurahi. Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika.

La tano ni zamu, na hapa sina mzaha. Kitabu chenu kina orodha ya zamu za bweni, nani afagie, nani amwagilie maua. Binti yangu ameandika ya kwetu, akaibandika kwenye kabati la vyombo. Sasa, katika nyumba hii neno zamu halikuwahi kuwepo. Kulikuwa na "mwambie dada yako". Maji yameisha, mwambie dada yako. Mtoto amechafua nguo, mwambie dada yako. Kiatu cha kushoto hakionekani, mwambie dada yako. Nimesema hivyo mara nyingi kiasi kwamba msusi anadai pacha walipoanza kuongea, hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza.

Orodha inasema maji ni Wakili. Mzee atawavalisha pacha viatu, na pacha watavitafuta. Baba atapika Jumamosi. Kutunga uzi ni Wakili tena, na chini yake ameandika: "Ana macho mazuri, ila asisemeshwe." Kumbeba mtoto ni Mama, na chini yake: "Afunge zaidi upande wa kulia, hupenda kuegemea huko." Miezi kumi na minne nimekuwa na mtoto huyu, na sikujua kwamba ana upande.

Niliisoma orodha hiyo juu mpaka chini nikitafuta kosa, kwa kuwa nilikuwa nalihitaji, na nikalipata. Jina lake halimo. Nikamwita kwa sauti ya ushindi, nikamwambia kiranja umejisahau, sote tuna kazi isipokuwa wewe. Alikuwa anafumua pindo, hakuinua uso. Akasema, "Mimi sitakuwepo, Mama. Ndiyo maana nawafundisha."

Kengele, mstari, kucha, ruhusa. Mimi nilidhani anacheza bweni. Kumbe alikuwa anatupima kama tutaweza. Nikamwambia aniletee mkasi, na mkasi nilikuwa nao mkononi.

Msinijibu kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Nimeambiwa hivyo na kila aliyekuja kuchukua nguo tangu majibu yatoke. Ufunguo hufungua mlango, na mlango ukifunguka mtu hutoka. Hilo la pili mbona hamlitangazi? Wala msiniambie mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu nimemlea abaki.

La sita ni madai yangu, ambayo nayatoa kwa heshima zote. Nataka kitabu kichapwe upya. Msichana apande gari kama kawaida, lakini ukurasa unaofuata ashuke, arudi nyumbani akisema amesahau kitu, na asikumbuke ni kitu gani mpaka atakapoolewa. Sentensi ya kuaga ifutwe, iandikwe "aliwachungulia, akaona bora akae". Wale wadogo wanane wapewe majina, na angalau mmoja aumwe tumbo siku ya safari, kama inavyokuwa kwenye nyumba za watu.

Na kama hayo yatawasumbua, basi nipeni mtoto mwingine badala yake. Mimi si mtu wa kuchagua. Awe na miaka kumi na mitatu. Ajue kutunga uzi akiwa na mtoto mgongoni. Atofautishe kilio cha njaa na kilio cha uongo akiwa chumba cha pili. Aweze kumwambia baba yake ukweli bila kumvunjia adabu. Nikikosea kola anyamaze, kisha acheke kidogo akidhani simsikii. Awe na alama ya pasi kwenye kiganja cha kushoto, aliyoipata akiwa na miaka sita, siku aliyotaka kunisaidia. Kama stoo yenu haina wa aina hiyo, nitampokea mwandishi mwenyewe. Aje na leso yake. Kwenye orodha ya zamu, Alhamisi ina nafasi.

Nawasalimu nyote hapo ofisini, wakubwa kwa wadogo, na wanaofunga vitabu kwenye maboksi. Mchoraji naye msalimieni, na mwambieni mama mwenye watoto wengi si lazima achorwe na kichwa cheupe. Mimi nina miaka thelathini na mmoja na mvi zangu ni mbili, zote za mwezi huu. Baba watoto anawasalimu. Yeye amekipenda kitabu, msimsikilize. Mzee anawasalimu pia, na anauliza kama mwandishi yu hai.

Ni mimi, ninayewalaumu kwa adabu,
Mama Pacha, fundi cherehani

Nyongeza: Fomu niliitia sahihi jana, kwa wino, kabla hata sijatafuta karatasi ya barua hii, na baba yake ameipeleka leo asubuhi. Nilihitaji mtu wa kugombana naye, na humu ndani kila mmoja ana furaha. Angesema hataki kwenda, ningemtoa kwa mwiko. Mimi nami nilikuwa kifungua mimba, na nilifaulu. Fomu yangu ilikaa mpaka panya wakaila, kwa kuwa kulikuwa na wadogo saba na mama alikuwa na mimi mmoja. Kwa hiyo madai yote ya hapo juu yafuteni, kitabu kiacheni kilivyo.

Ninavyohitaji bado mnitumie ni vitu vitatu tu. Nakala moja ya kitabu hichohicho, kwa sababu hiki anaondoka nacho na Wakili amefika katikati, ingawa hataki ijulikane. Picha ya bweni kwa ndani, kama mchoraji anayo, inayoonyesha kitanda kiko umbali gani na dirisha, maana huyu huwa anakohoa kwenye baridi. Na kama mwandishi aliwahi kuandika yaliyotokea kule nyumbani siku ya pili yake, baada ya gari kuondoka, mama alianza na nini, basi ukurasa huo, hata kama ni mmoja, hata kama hamjausahihisha. Huo naomba unifikie kabla ya Jumatatu.