Makochi Yangu Yameita Msiba

Leo nimelia kwenye msiba nilioutengeneza mwenyewe. Nimelia mpaka kamasi. Na hakuna aliyekufa!

Naandika haraka kabla hamjasikia kwa wengine. Watu wa Unyambwa, mtaa wetu, wana hadithi yao tayari, na ya kwangu haina tofauti kubwa na yao, ila mimi angalau nitajionea huruma kidogo.

Naishi kwa Babu Ntandu, mdogo wake babu yangu mzaa baba. Ndani tuko wanne: Babu, mkewe Bibi Salome, Mwalimu Shabani ambaye ni mstaafu aliyepanga chumba cha uani, na mimi Daudi, fundi simu, miaka ishirini na sita. Nawapenda hao wazee. Lakini jamani! Nikitaka kwenda chooni asubuhi natoa shikamoo tatu njiani, na kila shikamoo ina maswali yake. Umeamkaje. Mbona umechelewa. Jana yule aliyekuleta na pikipiki ni mtoto wa nani. Nikifika chooni nimeshasahau nilichofuata.

Redio ya Mwalimu inaanza kuongea kabla ya majogoo. Bibi aliponiona na hedifoni masikioni alipeleka jina langu kanisani niombewe masikio. (Nikaombewa. Kanisa zima. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu.) Rafiki yangu alikuja kunitembelea mara moja tu, Babu akamuuliza ukoo, wakapanda mpaka kwa babu wa babu yake, wakagundua kuna ng'ombe wetu aliazimwa huko nyuma akapotelea kwao. Rafiki hajarudi tena. Ng'ombe pia.

Sasa, Mandewa, ng'ambo ya mji, kuna nyumba. Vyumba sita, vijana watupu. Siku niliyoenda kuiangalia nilimkuta jamaa anaitwa Chidi anakaanga mayai mchana kweupe, amevaa taulo, na hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza kwa nini. Nilitamani kulia kwa furaha. Mwenye nyumba akaniambia chumba ni changu nikihamia leo, maana kesho kuna mtu mwingine anakuja kukichukua.

Mtauliza kwa nini sikuaga kama mtu mzima. Niliwahi kujaribu! Mwezi uliopita nilisema tu kwamba nafikiria kuhama. Babu alimpigia simu Baba Mkubwa, kaka yake baba, anayekaa Ihanja. Baba Mkubwa akaja na wazee wenzake, nikakalishwa katikati ya sebule, nikaulizwa nimeudhiwa na nani. Bibi akalia. Mwisho nikajikuta naomba msamaha, kisha nikatumwa maji.

Kwa hiyo leo nilipanga kuondoka kimya kimya. Wote watatu walikuwa na safari ya Ihanja, kikao cha ukoo, kurudi jioni. (Mwalimu si wa ukoo wetu, lakini kikao chenye wali hakijawahi kumpita.) Niache barua fupi, nihame, nije nipige magoti baadaye nikiwa tayari na funguo za Mandewa mfukoni. Kwa nini kichwani ilionekana rahisi hivyo, sijui.

Jambo moja mlishike. Babu alivaa viatu vipya na vinambana vibaya. Alipotoka nje alikuwa hawezi kukanyaga sawasawa, Mwalimu kamshika mkono huu, Bibi kamshika ule, wakampakia polepole kwenye gari la kukodi. Kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri. Mama Njiku, jirani yetu, alikuwa anafagia uwanja wake. Akasimama na ufagio mkononi, akaangalia mpaka gari likapotea.

Mimi nikaingia kazini.

Mali yangu kubwa duniani ni makochi. Hayakuenea chumbani kwangu, kwa hiyo yanakaa sebuleni kwa Babu, na Bibi ameyafunika vitambaa vya kufuma mpaka mwenyewe nimesahau rangi. Nikayatoa moja moja mpaka uwanjani. Nikatoa meza. Nikatoa stuli. Sebule ikabaki tupu kabisa, nikaingiwa na huruma. Wazee warudi wamechoka wakute sakafu? Nikafagia, nikaazima mikeka yote iliyokuwa stoo, nikaitandika ukuta mpaka ukuta. Nikajisifu kabisa: Daudi, una roho nzuri.

Wale mlioanza kucheka, tulieni. Bado.

Jamaa wa guta, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, hakupokea simu. Nikapiga tena. Simu yangu ikazima, chaji imeisha. (Ndiyo, mimi ni fundi simu. Msinikumbushe.) Nikaacha makochi uwanjani na mlango wa sebule wazi upate hewa, nikaenda mjini kwa miguu kumtafuta. Nikamkuta gereji anaziba pancha. Akamaliza tairi la mbele, akagundua la nyuma nalo. Tulipoanza kurudi Unyambwa jua lilikuwa limeshapanda utosini.

Tunakata kona ya nyumbani, jamaa wa guta akapunguza mwendo. Kisha akazima injini kabisa.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "kwenu kuna msiba."

Nikatazama. Turubai limefungwa kutoka kwenye paa la Babu mpaka kwenye mti wa Mama Njiku. Moto unawaka, sufuria la shughuli limekaa juu ya mafiga. Wanawake wamejifunga kanga. Wanaume wamekaa kimya, kofia mkononi, vichwa chini. Wamekaa kwenye makochi yangu!

Nikafikiria ile safari ya alfajiri, Babu anavyokohoa wiki nzima, ile barabara. Mama Njiku akanijia mikono wazi, macho mekundu.

"Pole, mwanangu."

"Babu?" nikauliza.

"Babu," akaitikia, akaanza kulia.

Sasa sikilizeni ujinga ulivyokaa hapo. Yeye alifikiri mimi ndiye ninayemthibitishia. Mimi nilifikiri yeye ndiye anayenipa habari. Tukakumbatiana tukalia wote wawili, na hakuna kati yetu aliyekuwa na taarifa yoyote.

Nikaingia sebuleni nikaanguka kwenye mikeka. (Niliyoitandika mwenyewe, kwa roho nzuri.) Nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Na ningelia tu kama watu wengine, mambo yangeishia pazuri. Hapana. Mimi nikaongea.

"Babu nisamehe! Nilikuwa nakukimbia! Rudi uniulize ninakokwenda, nitakujibu! Shikamoo nitatoa kila saa! Mwalimu awashe redio! Aiwashe tu!"

Kinamama wakaangaliana. Mmoja akasema, "Maskini, uchungu umempanda kichwani." Wakanimwagia maji.

Nikiwa hapo chini, nimelowa, nikasikia gari linafunga breki nje. Halafu kilio. Kilio kikubwa, cha mtu mzima, kinaita jina.

"Daudi! Daudi wangu! Mtoto wangu Daudi!"

Nikanyamaza. Nikainua kichwa. Daudi ni mimi.

Bibi Salome alikuwa anakuja mbio, kilemba mkononi. Nyuma yake Mwalimu Shabani anafuta miwani. Na nyuma ya Mwalimu, peku, viatu vipya amevishika mkononi, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, ni marehemu Babu Ntandu.

Nilipiga ukelele, nikaruka nyuma ya kina mama. Babu akaniona. Naye akapiga ukelele, akarudi hatua, kisha akanirushia kiatu. Kikanipata paji la uso.

"Aaah!" nikasema.

"Yuko hai," Babu akawatangazia watu.

Hapo uwanja ukachafuka. Waliokuwa wanamlilia Babu walikuwa wanamkimbia Babu. Sufuria nusura limwagike. Mpishi mmoja akaingia bandani kwa kuku na hajulikani alitoka saa ngapi. Ilibidi balozi wetu wa nyumba kumi apande juu ya stuli (yangu) apige makofi watu watulie.

"Nauliza kitu kimoja tu," balozi akasema. "Amekufa nani?"

Wa Unyambwa wakamnyooshea Babu kidole, waliotoka Ihanja wakaninyooshea mimi.

Balozi ni mtu wa utaratibu. Akaanza kuuliza mmoja mmoja. Baba Mkubwa, aliyekuja nao kutoka Ihanja, akasema yeye alipigiwa simu na Mama Njiku, akaambiwa njooni Unyambwa haraka, kuna tatizo, mtajua mkifika. Sisi huku hatumwambii mtu kifo kwenye simu, na anayeambiwa maneno hayo haulizi zaidi. Baba Mkubwa aliangalia kikaoni: Babu yupo, Bibi yupo, Mwalimu anaongeza wali. Nani kabaki nyumbani? Akanipigia mimi. Simu imezima. Wakapanda gari wanalia, na wamelia njia nzima mpaka dereva naye akalia.

"Na wewe Mama Njiku, nani alikuambia kuna msiba?"

"Hakuna aliyeniambia, balozi. Alfajiri niliona mzee anabebwa. Kulipokucha nachungulia, makochi yametolewa nje, sebuleni mikeka. Mimi ni mtu mzima. Ulitaka nisubiri tangazo?"

Watu wote wakaitikia kwamba ni kweli, hata wao wangefanya hivyo hivyo. Makochi yakitoka nje na mikeka ikilala ndani, kuna nini tena cha kuuliza?

"Makochi kayatoa nani?"

Sijawahi kutazamwa na macho mengi namna ile.

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa... nahama."

"Unahamia wapi?"

"Mandewa."

"Mandewa kuna nini?"

Mbele ya balozi. Mbele ya kwaya ya kina mama. Mbele ya wazee wa ukoo na watu walioacha kazi zao kuja kunizika au kumzika babu yangu, yeyote ambaye angepatikana.

"Kuna vijana," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka! Babu alikaa polepole kwenye kochi, akanitazama na ile miguu yake imevimba.

"Kwa hiyo ulisubiri tuondoke," akasema.

Basi. Hilo tu. Jamani, kiatu kiliuma, lakini hilo neno limeuma zaidi. Huyu mzee ametoka kunililia kilomita zote hizo, na mimi nilitaka arudi akute karatasi. Nilikuwa nimeshapiga magoti kabla sijajua. Nikasema nisamehe Babu, makochi yanarudi ndani sasa hivi, Mandewa basi tena.

Bibi ndiye aliyesimama. Akajifunga kilemba upya, akajifuta uso.

"Mwenye guta yuko wapi?"

Mwenye guta alikuwa anakula. Tangu tufike. Sahani ya pili.

"Umalize, upakie," Bibi akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Kijana akikua anaondoka, nani kasema haondoki? Lakini haondoki kwangu kama mwizi wa kuku. Watu wamekuja, chakula kimeiva. Tutakusindikiza."

"Bibi, si lazima..."

"Wote," akasema Bibi.

Na wote walikuja! Miguu ya Babu ilikuwa haifai kutembea, kwa hiyo alipakiwa kwenye guta pamoja na mizigo, akiwa amekaa kwenye kochi langu juu kabisa, peku, anapungia watu mkono. Tumepita naye katikati ya mji. Nyuma wanafuata kina mama na sufuria, wanaimba. Mwalimu Shabani kabeba redio yake. Waliotuona wameniuliza kama nimeoa. (Fundi mwenzangu ametupiga picha. Namjua. Afute.)

Tulipoingia Mandewa muziki ulikuwa unagonga mpaka mabati yanatetemeka. Chidi alikuwa uwanjani na taulo lake. Alipoona kundi zima la wazee linaingia getini na mwingine anashuka kutoka juu ya kochi, akakimbia kuuzima muziki mwenyewe, bila kuambiwa. Vijana wote wakapanga mstari. Shikamoo, shikamoo, shikamoo, ilichukua muda mrefu kuliko ibada. Babu akamshika Chidi mkono, akamuuliza ukoo. Naona wamefika kwa babu mzaa babu na Chidi ameanza kutokwa jasho.

Bibi ameshayafunika makochi vitambaa. Ameona jiko la vijana, amegawa mifagio. Mwalimu amezunguka nyumba yote na redio mpaka akapata kona, akatangaza kwamba hapa inashika vizuri kuliko Unyambwa. Balozi na wengine wamerudi makwao. Hawa watatu hawajarudi. Bibi amesema watalala hapa mpaka aridhike na majirani zangu, na haonekani kuwa na haraka ya kuridhika.

Sasa hivi nimejificha nyuma ya nyumba, simu iko kwenye chaji ya dirishani, ninaandika nimechuchumaa. Usoni nina alama ya soli. Na nikiwasikia Babu na Bibi wanabishana humo ndani kuhusu upande gani kitanda changu kiangalie, mjue tu kwamba nimefurahi, ila msimwambie mtu.

Chidi amekuja hapa dakika hii. Amevaa suruali, shati na mkanda. Amechuchumaa pembeni yangu, ameangalia huku na huku, akaninong'oneza kwa adabu kabisa:

"Kaka Daudi, samahani. Wewe unahama lini?"

Lini, sijui. Lakini siku hiyo ikifika, makochi yatatoka mwisho.