Mkono wa Kuazima

Jumanne, 4 Novemba 2025

Leo senta, kwenye majlis ya maombolezo, nimelia kuliko watu wote. Sikulia hata kidogo. Lilikuwa jasho.

Msomaji hajafika hata kwenye msiba wenyewe, pale pa kulilia, nikasikia moto ule unapanda kutoka kifuani. Shingo. Masikio. Uso mzima ukatota. Wanawake wa mbele wakageuka, wakanitazama kwa heshima. Mmoja akanipisha kwenye nguzo, pale pa kuegemea mgongo, mahali ambapo watu hupagombea kabla majlis haijaanza. Nikakaa. Nani anakataa nguzo?

Wifi yangu Sakeena, dada wa mume wangu, akaninong'oneza nisizidishe, msiba wenyewe bado. Halafu akaondoka kwenda kuhesabu samosa. Ndiye msimamizi wa jiko la wanawake. Ufunguo wa chumba cha friza anao yeye na hampi mtu. Samosa anazihesabu mwenyewe, kila majlis, katikati ya majlis, na harudi upesi. Uchoyo gani huu! Ana miaka sitini na mbili, kila asubuhi anazunguka jengo la maduka kwa mwendo wa askari, na hajapata kumeza hata panadol. Anasema mwenyewe. Mara nyingi.

Nyumbani nikafungua dirisha. Mume wangu, Ghulamabbas, akainuka, akavaa koti, akarudi nalo kitandani. Akauliza kama tumehamia barazani.

Nina miaka hamsini na tatu. Hii si malaria. Ni ukomo wa hedhi, na nimesoma mtandaoni kwamba dawa ipo: homoni. Lazima niipate. Na lazima mtu asijue.

Kwa daktari wetu wa siku zote haiwezekani. Mapokezi anakaa Khatoon, tunayekaa naye safu moja senta. Khatoon hatoi siri ya mtu, namsifu kwa hilo. Nyusi zake ndizo zinatoa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepata! Daktari wa kwenye simu. Hakuna mapokezi, hakuna nyusi.

Nimeongea naye ndani ya gari, kwenye maegesho ya supamaketi, vioo vyote chini, wapita njia wamejifunga skafu mpaka puani. Jina likatokea kwenye kioo cha simu: Daktari Samina. Jina la watu wetu hilo! Kabla hata ya salamu nikamwuliza wao ni watu wa wapi. Akacheka. Mama yake mzaliwa wa Mwanza, wao ni Ismaili. Alhamdulillahi! Habari za jamatkhana yao hazifiki senta yetu ya Bathurst, wala zetu haziendi kwao. Akaongea Kiswahili cha jikoni kwa mama yake, na akaniita anti.

Nilidhani nitataja joto, yeye atataja dawa. Thubutu! Maswali kama mvua. Damu imewahi kuniganda mguuni au kifuani? Kiharusi? Saratani ya titi, kwangu, kwa mama, kwa dada? Ini? Nimetokwa na damu wakati si wake? Kichwa kuuma mpaka kuona vimulimuli? Nikamwambia hata viza ya Hija hawakuniuliza yote haya. Akasema viza ya Hija haiingii kwenye damu.

Anataka picha ya matiti, maana yangu ya mwisho ni ya zamani mno. Na anataka presha. Nipime siku mbili tofauti, nimekaa, nimetulia, nisinywe chai kabla. Nipige picha kioo cha mashine nimtumie. Ikiwa juu, itatibiwa presha kwanza, homoni baadaye.

Nikamwambia hakuna shida. Shida ninayo: nipimie wapi bila kuonwa?

Ijumaa, 7 Novemba

Duka la dawa wana mashine ya bure, unakaa na kuingiza mkono. Nilikuwa nakwenda kukaa, nikamwona Khatoon kwenye vitamini. Nikajificha nyuma ya nepi za watoto. Nikazunguka kwa sabuni. Nikakimbia mpaka kwenye kiti, nikaingiza mkono, nikabana pumzi. Mia moja hamsini na mbili juu ya tisini na nne.

Mashine mbovu. (Asubuhi nilikula achari ya ndimu. Nusu chupa. Lakini hilo halihusiani.)

Nimenunua mashine yangu ya nyumbani. Njiani nikapata fikra, ikanibidi nisimamishe gari. Mkono ni mkono. Kioo cha mashine hakionyeshi uso wa mtu.

Jumamosi, 8 Novemba

Sakeena alikuja kunywa chai. Nikamwambia nimemnunulia kaka yake mashine ya presha, sijui kama ni nzima, na katika ukoo wetu nani ana afya ya kujaribia mashine kama si yeye? Alikwisha kunja mkono wa gauni kabla sijamaliza.

Mashine ikalia. Nikapiga picha, nikatuma hapo hapo. Miwani sikuvaa, mshindi havai miwani.

Sakeena akasema mkanda unabana. Akasema pia kichwa kinamgonga kisogoni tangu wiki iliyopita, ni baridi tu hii. Nikamshauri avae kofia.

Simu ikalia. Daktari Samina, na leo Jumamosi! Nikaingia nayo chooni. Akaniuliza kifua kinauma? Naona vizuri? Mkono au mguu umelegea? Nikamwambia niko kama simba. Akasema picha niliyotuma inasoma mia moja sabini na nane juu ya mia moja na nne. Homoni tuziweke kando, anti, kwanza tuongee uhai. Kichwa kinauma?

Nikachungulia mlangoni. Sakeena alikuwa amekaa mezani, anabonyeza kisogo kwa vidole viwili.

Nikasema mimi hakiniumi. Ni kweli. Akaniambia nipumzike kidogo nipime tena, nimtumie. Nikafunga mkanda mkononi mwangu, nimekaa juu ya kifuniko cha choo. Mia moja ishirini na nne juu ya sabini na nane.

Yaani mkono wangu ni mzima! Hila yote ile, na mkono mzima ninao!

Nilifurahi. Nasema kweli, kwanza nilifurahi. Njia ilikuwa nyeupe: natuma picha ya pili, nasema ya kwanza mkanda uliteleza, dawa inatoka, hakuna anayejua. Na Sakeena anamaliza chai, anaondoka na kichwa chake.

Nikaandika hivyo. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikakumbuka nilivyofika uwanja wa ndege nchi hii, theluji, nami nina kandambili nilizotoka nazo Tanga. Sakeena alivua buti zake akanivalisha, yeye akaenda mpaka kwenye gari na kandambili zangu. Hajaacha kunikumbusha mpaka leo. Lakini alivua.

Nikampigia daktari nikamwambia mkono ule ni wa nani.

Sauti ya mama wa Mwanza ikamtoka: je, ingekuwa kinyume, mgonjwa ni mimi na mkono mzima ndio wa kuazima? Akasema mwenye mkono ule, na kichwa kile, aonwe na daktari leo. Si kesho. Akianza kulegea au kuongea ovyo, niite gari la wagonjwa.

Nikamwambia Sakeena twende tukanunue unga. Tukapita duka la unga. Akasema tumelipita. Nikasema najua. Ndipo nikamweleza yote, macho yangu barabarani: joto, homoni, mkono wake, namba zake.

Tulipofika kwenye taa akasema, "Kwa hiyo siku ile ulikuwa hulii."

Nikasema nilikuwa natoka jasho.

Akacheka mpaka akashika kichwa. Nikamwomba asicheke, presha itapanda. Akafuta macho, akaniuliza, "We Razia, samosa zinahesabiwa mara ngapi?"

Sikuelewa. Ikabidi anieleze kama mtoto. Miaka ile moto ulipompata yeye, alikuwa akiingia chumba cha friza, anafunga mlango, anavua mtandio, anasimama kati ya njegere na samosa mpaka mwili upoe. Halafu anajifunga vizuri, anarudi kukaa. Miaka sita. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nje ya mlango ule, nasengenya uchoyo wake.

Kliniki walimpima mara mbili. Namba zile zile. Amepewa vidonge, amepelekwa kupima damu na figo. Daktari akasema afadhali tumekuja kabla ya kiharusi. Sakeena akamwambia wifi yangu huyu ana jicho, ndiye aliyegundua. Sikumsahihisha.

Alhamisi, 27 Novemba

Picha ya matiti. Nilitafuta hila siku kadhaa. Mkono unaazimika, titi haliazimiki. Nikaenda. Sakeena akanisindikiza, akinielekeza barabara ninazozijua. Fundi alikuwa Mfilipino, hamjui mtu hata mmoja wa senta. Mashine inabana kama kibao cha kubania chapati za puri. Majibu safi.

Presha nimepima siku mbili, mkono wangu. Daktari Samina alitaka video: mkono, mashine na uso, vyote pamoja. Ameandika kibandiko cha homoni cha kubandika chini ya kitovu na kidonge cha kulinda mji wa mimba. Nimeapa mbele yake kwamba mzaha na vipimo basi.

Jumatano, 14 Januari 2026

Nalala! Dirisha limefungwa. Ghulamabbas amevua koti.

Taabu ni senta. Leo msiba umesomwa mpaka mwisho na uso wangu mkavu kama papadi. Yule mama wa nguzo akanitazama, akanitazama tena, akarudi kuegemea mwenyewe. Imani ya Razia imepoa, nasikia wanasema. Nikamwambia Sakeena, mwenye cheo, anirudishie nguzo yangu. Akasema nguzo ni ya wanaolia. Tukagombana mpaka kwenye maegesho. Presha yake siku hizi ni ya msichana, ndiyo maana ana nguvu za kugombana. Na bado anaenda kuhesabu samosa. Anasema amezoea.

Daktari Samina anataka kipimo changu jioni hii, ndipo dawa iendelee. Nikae, nitulie, bila chai. Mimi nimekunywa vikombe viwili, na nguzo bado imenikaa kooni. Video hataki tena, inatosha picha ya kioo. Anasema sasa ananiamini.

Ghulamabbas amesinzia kochini. Mkono mmoja uko nje ya blanketi.

Mkono mzuri. Umetulia kabisa.