Mpaka Johari Aamue

Jumamosi, 3 Septemba 1994

Wamefika! Mwanangu Mohamedi, mkewe Zabibu na mjukuu wangu Johari, wote wekundu kwa vumbi la barabara lakini wazima, Alhamdulillahi. Nyumba hii ya Mandewa, hapa Singida, ilikuwa kimya tangu binti yetu wa mwisho aolewe. Nilifikia hatua ya kuwapa kuku habari za redio. Leo kuna viatu vidogo mlangoni. Nimevitazama mpaka mke wangu, Mama Mohamedi, akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Habari kubwa: Mohamedi amepata kazi Mwanza, kwenye kampuni mpya ya watu binafsi. Nyumba ya kuishi bado. Kwa hiyo Johari, miaka sita na nusu, atabaki huku mpaka Januari, ndipo aende kuanza shule. Abaki kwa nani? Nilidhani swali hilo halipo. Lipo! Baba yake Zabibu, Mzee Mughwai wa Mgori, naye amemwomba. Mohamedi, kwa ile busara yake inayotia hasara, ameamua mtoto achague mwenyewe, Jumamosi ya tarehe 24, mbele ya wote.

Mughwai ana ng'ombe, mkokoteni, mizinga ya nyuki na mbuzi aliyezaa mapacha. Mimi nina redio. Lazima nifikiri.

Jumatatu, 5 Septemba

Nimefikiri. Keki!

Mughwai hawezi kupika keki. Mimi pia siwezi, ila yeye hajui. Miaka kumi iliyopita nilipanga foleni tangu alfajiri kwa kilo moja ya sukari, na nilipofika dirishani ikawa imekwisha. Leo nimeingia duka la sokoni, nikatoka na ngano, sukari, siagi ya kopo, mayai na iliki, na mwenye duka akanishukuru mimi! Nilitaka kulia pale pale kwenye kaunta. Nimemweleza Mama Mohamedi kwamba sisi ambao babu zetu walitoka Bagamoyo, mapishi yamo kwenye damu. Amenikumbusha kwamba bahari nimeiona mara moja tu, na nilitapika.

Sufuria juu ya jiko, mkaa chini, mkaa mwingine juu ya kifuniko. Nusu saa, Mama Mohamedi alinielekeza. Nikaongeza nusu saa nyingine kwa usalama. Juu, safi. Chini, nyeusi tii. Wamekula sehemu ya juu kwa adabu, wakaenda kupumzika. Nikabaki uani na sufuria, kijiko na aibu yangu. Johari akaja na kijiko chake. Tumekwangua ukoko mpaka adhana ya Magharibi. Amenionyesha jino linalocheza. Ameniambia siri mbili ambazo siziandiki hata humu. Sikumbuki lini nimefurahi hivyo.

Lakini kimkakati, sifuri.

Alhamisi, 8 Septemba

Mughwai kaja! Kateremka kwenye lori la Samweli, lile la Mgori, na ndoo ya bati yenye kifuniko. Asali tupu. Johari kampa shikamoo, kapanda mapajani. Mkwe wangu huyu hasemi sana, ndiyo hatari yake. Kanywa chai, kaulizia afya ya kila mtu, halafu akataja polepole kwamba ng'ombe wake mwekundu amezaa ndama jike, na ndama kapewa jina la Johari.

Ndama kapewa jina la mtoto! Mchezo mchafu huu. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumamosi, 10 Septemba

Leo nilijibu mapigo. Garimoshi! Singida mpaka Manyoni, kisha Kilimatinde, nikamwonyeshe Johari mahali ambapo babu yangu alipumzika na msafara akitoka pwani. Mughwai na mkokoteni wake wangebaki nyuma kabisa. Ratiba nilikuwa nayo, niliiandika kwa mkono wangu mwaka jana nyuma ya kalenda. Nimevaa koti langu la mtumba, lile lenye vifungo vya dhahabu. Keki ndani ya kikapu. Saa kumi na mbili asubuhi tupo stesheni, familia nzima.

Mlinzi kanipa shikamoo, akaniuliza kwa upole namsubiri nani. Leo si siku ya garimoshi. Ratiba ilibadilika zamani.

Siku mbili nilikuwa nikimwigia mtoto mlio wa honi ya garimoshi! Johari kauliza tu kama tunaweza kula hapa hapa. Tukatandika mkeka. Vipande vizuri nimempa mlinzi na mama mmoja aliyekuja kuulizia mzigo wake, akaniombea dua ndefu, nikajiona mtu. Ukoko nilikuwa nimeuficha kwenye gazeti, mfuko wa koti, watu wasiuone. Johari akaunusa. Tumeula wawili, miguu ikining'inia ukingoni, tukihesabu mataruma ya reli. Akifika ishirini na tisa anarudi ishirini. Nimemsimulia Kilimatinde yote. Kaegemea koti langu akasinzia.

Namshukuru Mungu kwa asubuhi ile. Ila safari imeshindikana, ukweli lazima usemwe.

Jumatatu, 12 Septemba

Balaa.

Ndoo ya Mughwai ilikaa mezani tangu Alhamisi. Johari kila akipita anaipapasa na kusema hiyo ni ya Babu Mughwai. Nikachoka. Jana nikahamishia asali kwenye chupa, nikaisugua ndoo mpaka ikang'aa, nikampa Samweli airudishe Mgori. Nikajisifu kwa uaminifu: mali ya mtu imerudi kwake ndani ya siku tatu.

Leo Mama Mohamedi kauliza ndoo iko wapi. Nimemweleza. Kauliza ilikuwa na nini ndani. Nikajibu, kwa fahari, kwamba haikuwa na hata tone. Kaketi chini, pale pale jikoni.

Kumbe chombo cha mkwe hakirudi kitupu! Hata mayai mawili, hata chumvi kidogo, kitu lazima kiwemo. Kitupu maana yake hatutaki tena chochote chenu. Kila mwanamke wa mji huu anajua. Mimi ningejuaje? Miaka arobaini vyombo vinaingia na kutoka nyumba hii, nilidhani ni mazoea tu ya wanawake. Zabibu kaniletea chai bila kunitazama usoni. Binti mwema yule, hajawahi kunikosea. Hilo limeniuma kuliko kelele zote za mke wangu.

Hukumu imetoka: Jumamosi tunakwenda Mgori na keki, kuomba radhi.

Jumamosi, 17 Septemba

Mgori. Lori la Samweli, juu ya magunia ya alizeti, keki mapajani. Nilioka mbili, nikachukua iliyoungua kidogo zaidi. Hapana, nasahihisha: iliyoungua kwa kiasi kidogo kuliko ile nyingine.

Nilikuwa na hotuba ya radhi yenye vipengele vinne. Nilipofika cha pili Mughwai akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Anasema mkewe alikasirika siku tatu, lakini yeye mwenyewe, alipokuwa bwana harusi kijana, aliwahi kurudisha kibuyu cha wakwe kitupu, akatozwa mbuzi. Akaongeza neno kwa Kinyaturu, wote wakavunjika mbavu. Nimemwomba Zabibu anitafsirie, kakataa, lakini amenitazama usoni na alikuwa anacheka. Alhamdulillahi! Nilihema kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Mughwai kala keki. Kaomba kipande cha pili. Nilimchunguza nione kama ananidhihaki. Wala. Nakiri humu tu: nampenda mzee huyu. Ni jambo baya sana kumpenda mshindani.

Johari hakuonekana mpaka jioni. Mkokoteni, ndama, mapacha wa mbuzi. Tulipoondoka alimpungia Babu Mughwai mkono mpaka kona ya mwisho, na mimi moyo ukanywea. Nimeona akilini viatu vile vidogo vikiwa kwenye mlango wa mtu mwingine.

Mughwai amenirudishia ndoo, imejaa mayai. Ndoo ile ile, mezani kwangu tena!

Jumamosi, 24 Septemba

Siku yenyewe. Mughwai kaja na mwanambuzi kwenye kikapu. Mimi nilijitayarisha vizuri zaidi: keki ya ghorofa tatu. Zote ziliungua, lakini safari hii nilichukua kisu nikachonga weusi wote, nikamwagia kuku, na juu nikanyunyiza sukari laini. Hakuna aliyeona. Nyeupe!

Johari kaizunguka keki mara mbili. Akauliza ukoko uko wapi. Nikamwambia leo hakuna ukoko, leo ni keki ya kweli. Uso ukamshuka. Nikajua ni woga wa kuchagua, maskini mtoto.

Mohamedi akauliza lile swali. Johari akamtazama Babu Mughwai, akanitazama mimi, akasema anataka kukaa kwa Babu Mansuri kwa sababu hapa kuna kukwangua sufuria, na Mgori atakwenda kumsalimia ndama. Kisha akatoka mbio uani kuwanyang'anya kuku ukoko.

Wote wakacheka. Mimi nikalia, nikasingizia moshi, na jiko lilikuwa limezimwa tangu saa nne. Mughwai kanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia nimtunze. Mwanambuzi akamwacha ili Johari asiwe mpweke. Mtu gani huyu? Ameshindwa halafu anatoa zawadi! Nimemshukuru, na mara hii bila vipengele.

Jumatatu, 26 Septemba

Mohamedi na Zabibu wameondoka asubuhi kwenda Mwanza. Johari alilia kidogo, akapenga kamasi, akauliza leo tunapika nini. Ewe Mola, nakushukuru. Kwa viatu vya mlangoni. Kwa Mama Mohamedi anayejua mambo yote nisiyoyajua. Kwa ngano inayopatikana hata Jumatatu. Kwa mkwe aliyecheka.

Sasa, tathmini ya ushindi. Mtoto alisema ukoko, lakini watoto hawajui kujieleza. Alichomaanisha ni keki. Fikiria: kama kanichagua kwa keki zilizoungua, atanipendaje nikimpikia zisizoungua? Jirani yangu Gasto, fundi umeme, ana oveni iliyotoka Dubai. Anaapa kwamba ndani yake kitu hakiungui, hakishiki, hakiachi hata alama. Nimempa redio yangu, nimechukua oveni. Keki ya kwanza imetoka mchana, rangi moja kila upande. Tumekula dakika nne, tumemaliza, trei safi. Johari kashukuru kwa adabu, kaweka kijiko chake kabatini.

Na ndoo? Ha! Mansuri haumwi mara mbili. Safari hii chombo cha mkwe hakikurudi kitupu. Ndani yake nimetia ile sufuria yangu nyeusi, maana haina kazi tena nyumbani kwangu, na Samweli ameondoka nayo saa nane. Mughwai akitaka kujifunza keki, ajifunze, mimi sina choyo.

Tangu saa nane Johari ameniuliza mara tatu Mgori ni mbali kiasi gani. Nimefurahi mno. Hata shule hajaanza, tayari anapenda jiografia.