Njiwa wa Bango la Pentekoste

Jumatatu, 13 Mei 2024

Nimepata kazi! Bango la Kipaimara. Jumapili hii ya Pentekoste Askofu anakuja parokiani kwetu, mtaa wa Kasha, na padri anataka njiwa mkubwa wa Roho Mtakatifu aning'inie juu ya altare. Tante Constance, shangazi yangu na kiongozi wa kwaya, ndiye aliyenitaja kwenye kamati. Aliwaambia mtoto wa kaka yake ni msanii: anapiga picha za ndege na wanyama, kisha anazigeuza kwa kompyuta ziwe kama zimechorwa kwa brashi. Ni kweli. Hakusema kwa nini ninazigeuza. Picha zangu karibu zote zina ukungu. Nikizipaka rangi, watu wanaona ukungu wanasema ni sanaa.

Padri ametoa sharti: njiwa awe wa hapa Kivu, nimpige picha mwenyewe. Mwaka jana Héritier, yule wa studio ya ng'ambo ya barabara, alichukua njiwa wa intaneti. Wiki ileile njiwa huyohuyo akaonekana kwenye mfuko wa mkate! Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Tante naye ana sharti lake. Nikimwaibisha mbele ya Askofu, natoka nyumbani kwake, naenda Kamituga kuchota matope ya dhahabu kwa mjomba, Tonton Pascal. Mimi, na mgongo huu!

Jumatano, 15 Mei

Kavumu, kwa Maman Bintu, mfugaji wa njiwa weupe. Nilimwomba awarushe. Akawarusha. Mvua nayo ikaja. Nimerudi na picha moja tu, na anayeiona atadhani mtu ametupa soksi hewani.

Nimepekua kila picha niliyowahi kupiga. Ndege mmoja tu ametoka safi, mabawa wazi, kila unyoya unaonekana: mwewe aliyekuwa anazunguka juu ya wauza nyama sokoni. Nimemtazama sana. Ni ndege. Ana mabawa. Tofauti yake na njiwa ni rangi tu, na tabia.

Ijumaa, 17 Mei

Nimemfanya mweupe. Nimempunguza mdomo. Brashi nene ya rangi ya mafuta kila mahali, na nuru ya manjano kumzunguka. Mkia uliogawanyika nimeuacha, unapendeza. Kwenye makucha alikuwa ameshika utumbo wa mbuzi. Nimeupaka kijani. Sasa ni tawi la mzeituni.

Padri aliuliza mbona tawi liko miguuni, si mdomoni. Nilijibu kwamba mdomo umeachwa huru kwa ajili ya kusali. Akafikiri, akasema hiyo ni teolojia ya kina. Héritier alilitazama bango, akauliza kama njiwa wangu amekasirika. Nikamwambia ni wivu tu.

Jumapili, 19 Mei

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Misa ilianza vizuri. Askofu alilitazama bango, akatabasamu. Tante akanikonyeza kutoka kwenye kwaya. Nikaanza kupumua.

Kisha matoleo. Nilisahau matoleo! Akina mama waliingia wakicheza, na ndizi, na mahindi, na kuku mikononi. Upepo ukapita dirishani, bango likatikisika, ndege wangu akapiga mabawa. Jogoo wa mbele akageuza jicho moja juu. Akatoa ile kelele ya hatari ambayo hata mtu wa mjini anaijua. Mungu wangu! Kuku wote wakalipuka. Mmoja chini ya kiti cha Askofu. Mwingine ndani ya kapu la ndizi. Mwingine kichwani kwa Héritier (hapo nilifurahi kidogo). Maman Bintu, aliyekuja kwa Kipaimara cha mjukuu wake, alikuwa anamfukuza kuku wake. Akainua macho, akasimama.

"Mais hii iko mwewe! Muangalie mukia! Njo ilibebaka vifaranga yangu!"

Ndiye mwewe aliyembebea vifaranga! Kanisa zima likatazama juu. Askofu pia. Padri alinitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa tayari mlangoni.

Tante hakunifokea. Heri angefoka. Alisema tu nifunge mizigo, na kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Jumatano, 22 Mei

Kamituga. Tante hajawahi kupita barabara hii. Angeipita asingesema ni fupi. Pikipiki imeanguka, matope mpaka masikioni, mgongo umekufa. Njiani nililia, nasema wazi. Tante peke yake ndiye aliyekuwa ananiita msanii.

Nimewaza sana kosa langu lilikuwa wapi. Nimelipata: kuku. Parokia ya hapa haileti kuku, inaleta mbuzi, na mbuzi hababaishwi na ndege. Tayari nimeongea na katekista. Kwa sikukuu ya Mwili wa Kristo wanataka bango la Mwanakondoo wa Mungu, mkubwa, juu kabisa ya altare. Kondoo wa hapa hawatulii hata kidogo. Ila Tonton Pascal ana mbwa mweupe, mkali kidogo, manyoya tele. Mbele ya kamera anasimama vizuri sana.