Injini ya Siku Tatu Tatu

Jumatatu, 13 Machi 1961
Anselme amerudisha injini. Inachuruzika maji. Tuliinunua pamoja mwaka jana, mzungu wa kahawa alipokimbia: siku tatu inasukuma mtumbwi wake wa samaki, siku tatu inazungusha mashine yangu ya kusaga muhogo. Leo nimekuta gamba la samaki ndani ya chujio la hewa. Nikamwambia chujio husafishwa kila jioni. Akajibu, "Iko safi, Papa Asumani. Mto ilishaosha." Nimefunga Ramadhani, sikumtukana. Natukana hapa.

Jumanne, 14 Machi
Idi inatarajiwa Jumamosi. Wanawake wa mtaa wameleta muhogo mkavu. Pamoja na kikapu chetu, vikapu kumi na vinne. Esansi, yaani petroli, hakuna mjini. Tangu njia ya mto ifungwe, meli haziji. Nimebakiwa na chupa moja. Hila yangu: mafuta ya taa. Mke wangu Kadidja akasema kitabu cha mzungu kinataka injini iwashwe kwa esansi, ipate moto, ndipo ipewe mafuta ya taa. Nikamwambia kitabu kiliandikwa Ulaya kwenye baridi. Huku injini inaamka na joto tayari. Nikavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Kadidja akatia kijiko kimoja cha esansi, akavuta mara moja. Ikawaka. Ni wazi mimi ndiye niliyeilegeza.

Jumatano, 15 Machi
Vikapu sita vimesagwa. Zamu ya Anselme inaanza leo jioni. Hainifai. Ndani ya kabureta mna kidude cha shaba chenye tundu la kupitisha mafuta. Nimekichomoa kwa bisibisi, nikakitia mfukoni. Anselme atavuta, itakataa, ataniachia mpaka Idi ipite. Akavuta. Ikakataa. Akajitwika injini kichwani, akaipeleka kwa Lambert, fundi wa Simi-Simi. Wanaume wengine hawajui kukata tamaa.

Alhamisi, 16 Machi
Nimekwenda Simi-Simi kukirudisha kidude kwa siri. Mfuko umetoboka. Kidude kimeanguka njiani, Mungu ajua wapi. Lambert alikuwa akichonga kingine kwa tupa tangu asubuhi. Akasema bila kuinua macho, "Ile kitu haitoke yenyewe. Mwenye kuitoa alikuwa na bisibisi mudogo, na akili mudogo zaidi." Anselme akanitazama. Nikasema siku hizi wezi wamezidi.

Ijumaa, 17 Machi
Asubuhi wanawake wametwanga konzi chache za muhogo uani kwangu kwa michi, makusudi nisikie. Hakuna aliyenisalimu. Saa nane Anselme akaja na injini kichwani. Ameacha siku zake mwenyewe, eti wanawake wasikose unga wa sikukuu. Hata nyavu hakutega. Sijawahi kuona majivuno ya namna hii. Yeye na Kadidja wakaiwasha. Mimi nikaambiwa nikae. Vikapu saba vikaisha. Kikabaki kimoja, chetu. Bon, nikaona nisaidie: oili imepungua, nikaongeza mawese. Harufu ikawa nzuri, ya kukaanga. Kisha injini ikapiga ukelele, ikakwama. Kadidja aliketi chini kando ya kikapu chetu, akajifuta macho kwa kitenge. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 18 Machi
Idi. Mtaa mzima umekula fufu. Sisi hatukuwa na unga. Clothilde, mke wa Anselme, akaja mwenyewe kutuita, tukala kwao karibu na maporomoko ya mto: samaki, sombe ya majani ya muhogo, na fufu ya muhogo niliousaga mimi. Kadidja alicheka kule kuliko alivyocheka kwangu mwezi mzima. Nilipakua mara tatu, kwa hasira.

Jumapili, 19 Machi
Nimetafakari. Kosa liko kwenye ushirika. Donc, nimekwenda mapema kwa Lambert, ambako Anselme aliirudisha injini juzi, tena saa ya misa, Anselme asiwepo. Nikamwambia Anselme amehamia Banalia moja kwa moja, injini yote ameniachia mimi. Lambert akaniomba niseme tena, kwa sauti. Nikasema tena. Akasogea pembeni. Nyuma yake Anselme alikuwa amechuchumaa na pistoni mkononi, akiikwangua mawese.

Mkristo mzima, anafanya kazi Jumapili. Kesho namshtaki kwa padri wake.